Fungu la Waliobaki Penye Vyombo

Ndugu zangu wa Kitengela, nanyi wa Isinya, wa Kajiado mjini, wa Mashuuru hadi Loitokitok, fungueni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 30, msome bila haraka. Daudi anarudi Siklagi na kuukuta mji majivu. Waamaleki wamepita, wamechoma nyumba, wamechukua wake na watoto. Wanaume 600 wanaangua kilio, kisha wanajifunga mikanda na kuwafuata wezi. Kwenye kijito cha Besori, 200 kati yao miguu inagoma. Wanaachwa hapo penye vyombo na mizigo. Wale 400 wanavuka, wanapigana, wanashinda, wanarudi na kila kilichoibwa pamoja na ziada. Hapo ubaya unazuka humo humo kambini: baadhi ya washindi wanasema hawa wa mizigo wachukue wake zao na watoto wao waende zao, nyara haziwahusu.

Daudi akakataa. Akaamua kwamba aliyeshika upanga na aliyeshika mizigo wagawane sawa. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo limenitia kalamu mkononi: akaupitisha uamuzi huo uwe amri kwa taifa zima. Hakusema, leo nimefurahi, basi nao wapate kitu kidogo. Hakupitisha kofia. Aliuweka mahali ambapo hata mfalme mchoyo wa kesho asingeweza kuung'oa kwa urahisi.

Nauliza basi: katika shule zetu za umma, nani amebaki penye vyombo? Na amri yake imeandikwa wapi?

Mnajua mambo huwaje Januari. Matokeo ya mtihani wa KCSE yakitangazwa, kamera zinakimbilia shuleni, wazazi wanaimba, mwalimu mkuu anabebwa juu kwa juu mpaka kiatu kinamtoka. Sina neno na hilo. Aliyefanya kazi abebwe, na kiatu kitafutwe baadaye. Lakini pembeni ya shangwe hiyo kuna mtu wa koti jeupe lililotobolewa na asidi, ambaye hakuna anayemwambia hata hongera. Huyo ni fundi wa maabara. Kabla ya mtihani wa vitendo wa Kemia, Baraza la Mitihani hutuma shuleni maelekezo ya siri: tayarisheni myeyuko huu, kwa kipimo hiki, kila mtahiniwa apate kiasi hiki. Mwanafunzi ataketi adondoshe tone baada ya tone akingoja rangi ibadilike, na atakachokiandika kitategemea kile fundi alichokipima. Fundi akikosea, darasa zima limekosea bila kujua, na hakuna mkesha wa maombi utakaobadilisha kilicho ndani ya chupa. Akipatia, sifa zinakwenda kwa mwalimu wa Kemia, kwa mwalimu mkuu, kwa mbunge aliyejenga maabara, na kwa Mungu. Mungu peke yake ndiye anayejua jina la fundi.

Wapendwa, dhambi yetu ndiyo hiyo.

Shukeni chini zaidi. Nendeni darasa la chekechea, PP1, katika shule yoyote ya umma hapa Kitengela, wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza. Mji huu ulihesabiwa watu wapatao 58,000 mwaka 2009. Katika sensa ya 2019 walikuwa wamepita 150,000, na hao wote hawakuja na madarasa mgongoni. Mama anaingia zamu kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, baba yuko mjengo Nairobi, mtoto anafikishwa langoni kabla jua halijakaa sawa. Darasani yuko mwalimu mmoja aliyesomea kazi yake, na shule ikibahatika, yuko na msaidizi. Mwalimu anaandika herufi ubaoni. Msaidizi anamkimbiza mmoja chooni kabla hajajikojolea, anawaachanisha wawili waliong'ang'ania kifutio, anamfunga wa tatu kamba za viatu, na huku anamnong'oneza kwa Kimaasai yule aliyeletwa juzi kutoka boma la mbali, ambaye Kiswahili bado ni kelele masikioni mwake, kwamba hakuna anayemgombeza. Muulizeni mwalimu angefundisha vipi bila huyo mama. Akiwa mkweli atawaambia hangefundisha. Angekuwa mlinzi wa watoto mpaka saa sita.

Vukeni uwanja mfike kitengo maalumu, pale shule ilipo na kitengo. Hapo nawaomba mkae, msichungulie tu dirishani na kusema maskini. Kuna mtoto ambaye misuli yake haimtii, lazima alishwe kijiko kwa kijiko, polepole, la sivyo uji utaingia njia isiyo yake. Kuna mwingine asiyesema, anayepiga kichwa ukutani makelele yakizidi, na mtu mmoja tu shuleni anajua kwamba ukimshika mabega kwa nguvu kidogo na kumtoa nje penye kivuli atatulia. Kuna wa kubadilishwa nepi ilhali ana miaka 11. Mwalimu wa elimu maalumu amesomea, pengine pale KISE, chuo ambacho Kenya imekuwa nacho tangu 1986. Lakini mikono inayoinua, inayopangusa na kushikilia ni ya msaidizi, ambaye alijifunza kazi siku aliyoianza. Msinielewe vibaya, simtukuzi kwa sababu anagusa kinyesi. Mahubiri ya namna hiyo yamekuwa mengi, ya kumsifu mtu kwa kuvumilia, ili aendelee kuvumilia. Namtukuza kwa sababu anajua. Ana maarifa ya mtoto yule ambayo hayamo katika faili lolote, na siku akiacha kazi kwenda kuuza mboga kwa kuwa mboga inalipa, maarifa hayo yanatoka langoni pamoja naye, na mtoto anarudia kupiga kichwa ukutani.

Musa mwenyewe hakuweza peke yake. Kule Refidimu, vita vikiendelea bondeni, mikono yake ilipolegea Haruni na Huri walimketisha juu ya jiwe, wakaishikilia, mmoja huku na mwingine huku, mpaka jua likatua. Tena adui walikuwa Waamaleki wale wale. Maandiko hayakuona haya kutaja majina ya walioshikilia mikono. Katika ripoti ya shule yenu, wametajwa?

Sasa tuje Kajiado mjini, kwenye jambo ambalo kaunti hii inajivunia, na ina haki ya kujivunia. Mwalimu Priscilla Nangurai, akiwa mkuu wa shule ya msingi ya wasichana ya AIC, alifanya lango la shule yake kuwa mahali pa kukimbilia. Wasichana waliokuwa waozwe kwa ng'ombe, waliokuwa wakeketwe, walifika pale na akawapokea, akawasomesha, akasimama mbele ya wazee wenye hasira. Hiyo ilikuwa miaka mingi kabla ya Bunge kupitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Jina lake limevuka mipaka na limestahili. Lakini fikirini kidogo kuhusu kutoroka kwenyewe. Msichana wa miaka 12 hatoroki saa nne asubuhi wakati ofisi iko wazi. Anatoroka usiku, na akifika kwenye shule ya bweni ya namna hiyo, mtu wa kwanza kumwona ni mlinzi. Bawabu wa shule, mwenye rungu na tochi, ndiye anayeamua katika dakika hiyo kama lango litafunguka au msichana atarudishwa njiani alikokuja. Wa pili ni matroni, anayetafuta blanketi, anayeosha miguu iliyochanwa na miiba, anayelala jicho moja likiwa wazi kwa sababu wajomba wanaweza kuja kabla ya alfajiri. Mwalimu mkuu anakutana na msichana asubuhi. Shujaa wetu amesimama juu ya mabega ya watu wawili ambao tukitaka leo kuwashukuru hatujui pa kuanzia kuwatafuta.

Na mpishi! Ukame ule wa miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokataa misimu mitano mfululizo, ng'ombe wetu walikufa mabondeni na wanaume wakahama na wachache waliobaki. Sufuria ya shule ndiyo iliyowaweka watoto wengi wa kaunti hii darasani. Ukiwa na mahindi na maharagwe lakini huna mtu wa kuamka saa kumi kuwasha kuni na kubembeleza maji ya chumvi ya kisima yaivishe githeri, una mahindi na maharagwe tu. Najua wapo watakaoniambia mpishi si mtu wa darasani. Jaribuni kumfundisha hesabu mtoto mwenye njaa, kisha tuzungumze.

Nije kwenye karatasi, kwa kuwa kuna wanaodhani haya ni mambo ya hisia tu.

Mwalimu wa shule ya umma ana baba anayemjua. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, imemwekea Tume ya Walimu, TSC. Ana nambari, ana hati ya mshahara, ana vyama vya kumgombania. Mfanyakazi asiye mwalimu hana TSC. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaiachia Bodi ya Usimamizi ya kila shule kumwajiri na kumlipa. Kipo chama cha KUDHEIHA kinachowatetea wafanyakazi wa namna hiyo, lakini mpishi mmoja wa shule moja kule Mashuuru na afisa wa chama wako mbali sana. Basi bosi wake ni Bodi. Na hebu hesabuni viti vya Bodi hiyo kama kifungu cha 56 kinavyovipanga: wazazi sita, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwakilishi wa walimu, watatu wa mfadhili, mmoja wa makundi maalumu, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na hata wanafunzi wana mwakilishi wao. Tafuteni kiti cha mpishi, cha msaidizi, cha mlinzi, cha fundi wa maabara. Tafuteni tena. Mtoto wa sekondari anasikilizwa na Bodi kabla ya mtu aliyefungua lango la shule kwa miaka 20.

Na mmesikia: watatu wa mfadhili. Mfadhili ni nani katika nchi hii? Ni sisi! Ni AIC, ni Katoliki, ni ACK, ni PCEA, ni makanisa yaliyoandika majina yao kwenye mabango ya shule. Tunavyo viti vitatu. Tunakwenda kwenye mikutano hiyo, tunafungua kwa maombi, tunapigania nani awe mwalimu mkuu na kama ni wa dhehebu letu, tunakunywa chai iliyopikwa na mtu ambaye hajalipwa tangu muhula uliopita, tunafunga kwa maombi. Na Yakobo, sura ya 5, amesimama mlangoni akituambia kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imeshafika juu. Torati ilikuwa imeshasema kabla yake, katika Kumbukumbu la 24, kwamba maskini alipwe siku ile ile, jua lisitue juu ya deni lake. Majirani zetu Waislamu nao wamefundishwa kumlipa mtu kabla jasho lake halijakauka. Dini zote za mji huu zinakubaliana juu ya jambo moja, na ndilo jambo ambalo shule zetu nyingi hazilitimizi.

Najua mtakachosema. Hela haitoki Nairobi. Ni kweli, na mimi si mtu wa kuficha ukweli madhabahuni. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003 tulicheza barabarani. Lakini mgao wa mtoto wa shule ya msingi umekaa kwenye shilingi 1,420 kwa mwaka. Ugawanyeni kwa siku 365: haufiki shilingi nne. Wa sekondari umeandikwa shilingi 22,244, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kuzitoa zote. Bodi inabaki na mwanya, na mwanya huo unazibwa kwa mshahara wa mtu asiye na kiti. Tuliuona uchi wake Machi 2020 corona ilipofunga shule: walimu wa TSC waliendelea kulipwa, na walipaswa kulipwa, ilhali wengi wa wale walioajiriwa na Bodi walirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa karo iliyokuwa ikiwalipa ilikuwa imekatika.

Kwa hiyo sitasimama hapa kuhubiri makofi. Anayempa mfanyakazi cheti chenye fremu huku akimtaka asubiri mshahara wa miezi mitatu anamdhihaki, na kile cheti afadhali angekitumia kuwashia moto. Deni kwanza. Michango ya NSSF na ya afya ipelekwe inakostahili, si kukatwa na kupotelea njiani. Mkataba uandikwe. Hayo ni haki; Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi alipwe kwa haki, haikusema kila mwalimu.

Lakini pia sikubaliani na ndugu zangu wengine, watu wa harakati, wanaosema heshima ni upuuzi na mshahara ndio kila kitu. Mtu anaweza kulipwa vizuri na bado akawa kivuli. Wale 200 wa Besori hawakurudishiwa tu jamaa zao. Andiko linasema Daudi alipowakaribia aliwasalimu. Mfalme mtarajiwa, mwenye damu ya vita bado kwenye mavazi, alianza na salamu. Mshahara na salamu vilikwenda pamoja.

Tazameni basi nje ya boma letu. Machi 2019 huko Dubai, Bradha Peter Tabichi, mtawa Mfransisko aliyekuwa akifundisha Hisabati na Fizikia katika sekondari ya Keriko, kijiji cha Pwani kule Njoro, alitangazwa mwalimu bora duniani na kupewa dola milioni moja. Kenya nzima ilisimama. Nasi tuliokaa mbali na Njoro tuliinua vichwa pia. Ilichofanya sherehe ile ni kikubwa kuliko hela: mtoto wa kijijini alijua kuwa mtu anayemfundisha ni mtu wa thamani. Hakuna sababu duniani, narudia hakuna, ya jambo hilo kuishia kwa mwalimu.

Wenzetu wa Marekani wamelitambua. Mwaka 2019 walitunga sheria ya kuwaenzi wafanyakazi wa shule wasio walimu: wasaidizi wa darasani, madereva wa basi, wapishi, makarani, wasafishaji. Kila gavana anaruhusiwa kupeleka majina mawili, kisha Idara ya Elimu ya taifa inachagua mmoja. Wameiga nini hapo, kama si Daudi? Wameitoa heshima kwenye ukarimu wa mkubwa na kuiweka kwenye amri. Nasi Kajiado tunaye gavana. Tena kwetu Katiba imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea moja kwa moja, kwa hiyo msaidizi wa PP1 yuko mlangoni pa gavana, na gavana hawezi kusema ni mambo ya wizara.

Na anayedhani msaidizi ni pambo asikie habari za India. Mapema miaka ya 2000, katika miji ya Mumbai na Vadodara, vijana wa mtaa, wengi wao wasichana waliomaliza sekondari, waliwekwa katika shule za umma kuwachukua watoto waliobaki nyuma, 15 hadi 20 kwa pamoja, kwa saa mbili za siku ya shule. Walilipwa kiasi kidogo mno. Wachumi walipopima, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo waliotuzwa Nobel mwaka 2019, alama za watoto zilikuwa zimepanda waziwazi, na zaidi kwa wale wa chini kabisa. Wala si kwa kompyuta wala jengo jipya. Ni mtu wa mtaa, aliyeketi karibu na mtoto.

Sasa kazi yetu. Siku ya zawadi ya mwaka huu, kila shule ya umma kutoka Noonkopir hadi Loitokitok imtaje kwa jina, jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mfanyakazi wa darasani au wa shule aliyefanya kazi iliyo bora. Nimesema aliyefanya kazi iliyo bora. Sisemi aliyekaa muda mrefu, wala anayemsalimia mwalimu mkuu kwa kuinama zaidi. Sisemi shemeji wa mwenyekiti wa Bodi. Na huyo shemeji tunamjua, yupo katika shule nyingi, kila tuzo huwa inamtafuta. Kwa hiyo Bodi isichague peke yake. Watoto waulizwe. Mtoto wa darasa la tatu ukimuuliza ni nani alikusaidia siku uliyoumia hatakuletea siasa. Wazazi wa kitengo maalumu waulizwe kabla ya wote, maana wao wanajua nani amelala na nani amekesha. Walimu waandike walichokiona, kwa mfano halisi: siku fulani alifanya hivi, mtoto fulani akaweza vile. Sifa zisizo na mfano ni maneno ya mazishi.

Na zawadi, tafadhali, isiwe leso na kilo mbili za sukari. Tumewatosheleza watu hawa kwa leso kiasi cha kufungua duka. Mpelekeni msaidizi wa kitengo maalumu akasomee, hata kozi fupi ya likizo, alipiwe na nauli. Mpeni fundi wa maabara mkataba wa kudumu. Mtoto wa mpishi afutiwe karo. Makanisa ya Kitengela yanachanga mamilioni kununua vipaza sauti vinavyosikika hadi mbuga ya Nairobi, twiga wa watu wakakosa usingizi. Hatuwezi kushindwa kumlipia mtu mmoja kozi.

Nanyi wawakilishi watatu wa mfadhili, nawaambia kwa ukali kwa kuwa ni ndugu zangu: kwenye mkutano ujao wa Bodi, kabla ya maombi ya kufungua, ulizeni swali moja na lijibiwe kwa tarakimu. Ni nani katika shule hii anadai, na anadai kiasi gani? Msikubali kuomba mpaka mjibiwe. Kisha pendekezeni mwakilishi wa wafanyakazi hawa aketi nanyi. Sheria haijampa kiti. Hakuna sheria inayowakataza kumwalika na kumsikiliza. Wakati wabunge wa Kajiado wanasubiri kurekebisha kifungu cha 56, na tuwasumbue mpaka wakirekebishe, kiti cha plastiki kinatosha.

Msiogope kutaja majina. Paulo hakuogopa. Waraka kwa Warumi, ambao wasomi wameuvunjia vichwa kwa karne nyingi, unaishia kwa sura nzima ya salamu: Fibi, Prisila na Akila, Mariamu aliyefanya kazi nyingi, mama yake Rufo. Na katikati ya salamu anaingia mtu aliyekuwa ameketi kimya muda wote, Tertio, karani aliyekuwa akiandika Paulo akisema, naye anatoa salamu zake mwenyewe. Mtume alimwachia nafasi.

Kila shule ina Tertio wake. Ndiye anayemwingiza mtoto kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, na mtoto asipoingizwa, mgao wake hautoki. Ndiye anayemtuma mama mara ya tatu kufuata cheti cha kuzaliwa, kisha anamwonyesha ofisi na mlango wa kubisha. Fomu za kupendekeza majina ya siku ya zawadi zitakaa mezani pake, na kwa tabia yake ataziandikisha zote vizuri, za mpishi, za mlinzi, za msaidizi wa PP1, na yake hataiandika. Basi mzazi wa kwanza atakayeingia ofisini Jumatatu kufuata barua ya uhamisho, aombe kalamu, aketi pale pale mbele yake, aanze na jina la karani.